Bibi wa Ghorofa ya Chini



Leo hatuna habari ya magauni wala ya kumbi. Tuna habari ya jirani yetu. Wengi wenu ni mabibi harusi, mnajiandaa kuhamia nyumba ambazo ngazi zake hamjazizoea, na huko mwendako mtaupita mlango wa jirani kabla ya kuufikia mlango wenu. Ndiyo maana tumeona tuiandike.

Sisi ni dada wawili. Mkubwa ameolewa, mdogo ameposwa. Tunakaa nyumba moja Kiponda, Mji Mkongwe, kwa kuwa mume wa mkubwa ni mtu wa safari na hapendi mkewe alale peke yake. Jioni tukitoka kutembea, na wala hatukutoka kwa ajili ya hewa ya bahari. Mdogo alikuwa na gauni ambalo fundi ameshalikata, na gauni lile halikuwa na huruma. Basi tukishasali Alasiri tunavaa mabuibui na raba, tunashuka, tunatokea Mizingani penye Mtini, tunakwenda kwa kasi mpaka Forodhani, tunazunguka bustani, tunarudi, tunaanza tena, mpaka simu ituambie tumefika hatua 8,000. Magharibi inatukuta ndani.

Chini yetu anaishi bibi mmoja, peke yake. Mtaa mzima unamwita Bibi, nasi tunamwita hivyo hivyo. Ana miaka 78 kwa hesabu yake na 76 kwa kitambulisho, na yeye anaiamini hesabu yake. Mumewe alitangulia mbele ya haki zamani. Watoto wake ni watatu: wa kiume mkubwa yuko Muscat, mwengine Dar es Salaam, na wa kike ameolewa Pemba. Tulimjua kama watu wanavyojuana kwenye nyumba zetu hizi zenye kuta nene na ngazi moja: kikohozi chake cha alfajiri, redio yake, harufu ya udi kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Ramadhani tunampelekea sahani, na sahani yake hairudi tupu, inarudi na kaimati au tende. Mwaka mzima ujirani wetu ulikuwa wa sahani na salamu.

Kila jioni tulimkuta amekaa barazani. "Masalkheri, Bibi." "Masalkheri, wajukuu zangu." Halafu swali lake lilelile: "Mbio zote hizo, kuna maiti?" Tunacheka, tunapita.

Siku moja hakuuliza. Tulimkuta amesimama, buibui lake la kizamani limeshafungwa, makubadhi miguuni, bakora mkononi. Akasema, "Nami nichukueni. Mpaka Mtini tu. Nimechoka kuiangalia njia."

Kutoka mlangoni petu mpaka Mtini, kwa mwendo wetu, ni dakika nne. Siku ile zilikuwa dakika ishirini na tano. Bibi hatembei kama sisi. Bibi anaiamkia njia. Kila baraza ina mtu wake, na kila mtu ana mgonjwa wa kuulizwa, mtoto wa kuombewa mtihani, au deni la miaka thelathini la kutaniwa. Fundi cherehani anaulizwa habari za mkewe. Muuza ubuyu anaulizwa bei. Hata paka wa njia panda anaulizwa alilala wapi. Sisi tulisimama nyuma yake na raba zetu kama watoto waliofuatana na mama sokoni, na simu ikatuambia mwisho wa jioni kwamba tumefika hatua 2,100.

Baada ya wiki moja tuligundua siri yake. Bibi hapumziki. Kwa maneno yake, hajawahi kuchoka hata siku moja tangu tumjue. Ila goti likimuuma, anamuona mtu wa kumuuliza bei. "Muhogo huu shilingi ngapi?" Anauliza, anajibiwa, anaanza kuhadithia muhogo wa Makunduchi ulivyokuwa zamani, na goti linatulia. Muhogo hanunui. Tangu hapo akiuliza bei ya kitu tunajua, tunasogea karibu, mmoja anampa bega bila ya kusema neno.

Mdogo alilalamika kidogo juu ya gauni. Bibi akamtazama toka juu mpaka chini. "Unapunguza nini, mtoto wa watu? Wakati wetu bibi harusi akifungiwa ndani anapikiwa, anasingwa, mpaka akitoka mtu hamtambui kwa kunawiri. Nyinyi mnatoka kwenye harusi kama mmetoka homa." Fundi akaligeuza gauni, akaachia inchi mbili ubavuni, na mada ile ikaisha.

Kutembea naye ni kutembea kwenye mji mwengine uliokaa juu ya huu. Tukipita mbele ya Kasri, ambalo sasa ni makumbusho, yeye anaonesha madirisha ambayo akiwa mtoto alikatazwa kuyanyooshea kidole. Tukifika Beit al-Ajaib ananyamaza kwanza. Jumba lile lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na wengi wenu mnakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ilipoporomoka na watu wawili wakafariki. Bibi alikisikia kishindo kutoka nyumbani kwake. Anasema alidhani ni radi, kisha akaona vumbi, akaanza kusoma. Kila tukipita pale anawaombea marehemu wale, hawajui hata majina. Kisha anaendelea na muhogo.

Siku ya pencheni huwa sikukuu. Zanzibar ilianza Pencheni Jamii mwaka 2016 kwa wazee waliofika miaka 70, wakati ule shilingi 20,000 kwa mwezi. Bibi anaipenda hela ile kuliko ile nyingi inayotoka Muscat. Tulimuuliza kwa nini. "Ya Muscat ni ya chakula na dawa, ina kazi yake. Hii haina mwenyewe ila mimi." Basi siku hiyo anatununulia kashata na kahawa kwa nguvu, na ole wako ujitie kufungua mkoba.

Mabibi harusi, hapa tutulie kidogo, maana Bibi alikuwa mpambaji. Miaka ishirini na zaidi alipamba maharusi wa Malindi, Kiponda na Mkunazini, na mtu wa kazi yake huiona mikono ya watu kabla ya nyuso. Jioni moja alimkamata msichana tusiyemjua pale Forodhani, akamshika mkono uliochorwa maua meusi ti, ngozi imevimba pembeni ya ua. "Umechorwa kwa piko?" Msichana akasema ndiyo, na inawasha siku ya tatu. Bibi akamwambia aende hospitali kesho yake, asingoje.

Alivyotueleza ndivyo hivi, nasi tumehakikisha. Hina ya majani haitoki nyeusi kama wino. Inatoa rangi ya chungwa siku ya kwanza, kisha inaiva mpaka nyekundu iliyokoza au kahawia. Weusi ule wa haraka unatoka kwenye rangi ya nywele, na rangi ile haikutengenezwa kukaa juu ya ngozi. Inaweza kuunguza, kuacha kovu, na kumfanya mtu asivumilie tena rangi ya nywele maisha yake yote. Bibi anasema hina ipakwe siku mbili kabla, ikae usiku kucha, ikikauka isioshwe kwa maji, ikwanguliwe tu na kupakwa mafuta. Mwenye haraka na avae glavu, ndivyo alivyosema, akacheka peke yake.

Kikuba pia alitufundisha kukifunga, tumekaa kwenye ukuta wa bahari na asmini na rihani mapajani, watalii wakitupiga picha bila ya kuuliza. Na mengine alimfundisha mdogo. Hayo hatuyaandiki, ya kungwi ni ya chumbani.

Miezi minne tulitembea hivyo. Kisha usiku mmoja umeme ulikatika, Bibi akaamka kwenda kutia udhu, akajikwaa kwenye kizingiti cha ndani, kile kirefu cha nyumba za zamani. Tuliusikia mwanguko. Mkono wa kushoto ulipata ufa juu ya kiganja, akafungwa plasta ngumu, na goti likavimba. Alhamdulillah, nyonga ilisalimika.

Mwanawe wa Muscat alipiga simu asubuhi ile ile. Ndani ya siku mbili alikuwa ameshamtafutia msichana wa kazi wa kulala naye, jambo zuri kabisa. Lakini alitoa na amri: Mama asitoke tena nje. Msichana, kwa kuogopa kazi yake, akawa anafunga mlango na kukaa na ufunguo.

Wiki tatu. Tukishuka jioni tunamkuta dirishani, nyuma ya nondo. "Masalkheri, Bibi." "Masalkheri." Hakuuliza tena kama kuna maiti. Wiki ya pili hatukusikia redio. Alkhamisi ya tatu hatukunusa udi. Mkubwa alipoingia kumjulia hali alimkuta anasali juu ya kiti, yeye ambaye kabla ya hapo alikuwa akisujudu mwenyewe na kuinuka mwenyewe. Mkono ulikuwa unapona. Kilichokuwa kinakwenda chini ni kitu chengine.

Tulikaa na jambo hili usiku mwingi, kwa sababu si jepesi. Sisi si wanawe. Mtoto wa kiume yule hakufanya uovu. Hela anatuma, kila Ijumaa anapiga simu. Suratul Israa, aya ya 23, inatukataza kuwaambia wazazi waliozeeka hata neno dogo la kuudhika, na yeye alikuwa anajitahidi kwa njia yake kumlinda mama asiumie. Upande wa pili kuna Suratun Nisaa, aya ya 36, inayomtaja jirani wa karibu na wa mbali pamoja na wazazi na mayatima. Na mnaijua hadithi ya Jibril alivyomuusia Mtume, swallallahu alayhi wasallam, juu ya jirani, usia mwingi mpaka Mtume akadhani jirani atarithishwa. Mume wa mkubwa alisema kwenye simu, "Ya watu msiyaingilie." Mama yetu akasema, "Waingilie, lakini waulize kwanza mwenye jambo." Tukafuata la mama.

Tukamuuliza Bibi kupitia dirishani kama anaturuhusu kuzungumza na mwanawe. Alinyamaza muda. "Msimwambie amekosea," akasema. "Huyo ndiye aliyenizika mume wangu kwa mikono yake. Mwambieni tu kwamba nataka kwenda Mtini."

Tulimpigia Ijumaa, baada ya yeye kumaliza kuzungumza na mama yake, simu iko juu ya meza na Bibi yupo, ili pasiwe na neno la nyuma ya mgongo. Tulimwita Kaka. Tulimtajia kitu kimoja kimoja. Kwamba mama hakuanguka njiani. Alianguka ndani, usiku, gizani. Kwamba daktari aliyemtoa plasta alimwambia mbele yetu atembee kila siku kadiri anavyoweza, kwani misuli ya mguu ndiyo inayomshika mtu asianguke, na mzee akikaa tu inayeyuka upesi. Kwamba hata Shirika la Afya Duniani linawashauri waliovuka miaka 65 watembee au wafanye mazoezi mengine angalau dakika 150 kwa wiki, na mazoezi ya kujimudu wasianguke siku tatu au zaidi, kwa kadiri ya afya ya kila mmoja. Hayo aliyasikiliza kimya, kama mtu anayesomewa hati.

Kisha mdogo akamwambia kuhusu kiti. Kwamba mama sasa anasali juu ya kiti.

Hapo kaka wa watu akakata pumzi. Akasema maneno ambayo hatukuyatarajia: kwamba simu ikilia usiku huko, kabla hajaona jina la mpigaji, mikono inamtetemeka. Kwamba baba yake alipofariki yeye alichelewa ndege, akafika maziko yameshaanza, na sasa hana jengine analoliogopa. "Akichoka njiani nani atamshika?" Tukasema sisi tupo wawili, mmoja kila upande, na baraza hazikosekani kila baada ya hatua chache. "Na vespa?" Tukamwambia vijana wa pale wanazima moto wakimuona Bibi, na hilo ni kweli, mmoja aliwahi kuisukuma vespa yake kwa mkono uchochoro mzima.

Akatoa masharti. Siku ya mvua hapana. Wikiendi Forodhani hapana, watu ni wengi. Kabla ya Magharibi awe ndani. Na kila jioni apelekewe picha. Nasi tukaweka yetu, kwa adabu: ufunguo wa mlango akae nao Bibi mwenyewe, na kwenye kizingiti kile iwekwe taa ya chaji inayowaka umeme ukikatika. Bibi, aliyekuwa kimya muda wote, akainamia simu: "Na bakora mpya. Hii fupi." Mwanawe akacheka, na kicheko chake, wallahi, ni kile kile cha mama yake.

Siku ya kwanza tulifika nusu ya njia tu. Aliuliza bei ya vitu saba. Kwa fundi cherehani alikalishwa kwenye kiti cha fundi mwenyewe, akaletewa maji, na watu wakaja kumpa pole mmoja mmoja kana kwamba amerudi Hija. Mtini tulifika siku ya tisa. Alkhamisi iliyofuata udi ulipanda ngazi mpaka kwetu. Kiti cha kusalia hakuondoka nacho moja kwa moja. Mpaka leo siku nyengine anakitumia, siku nyengine hakitumii.

Mtu mmoja alitutania kuwa tunatafuta thawabu za bei rahisi, kutembea tu. Hatujui kama ni rahisi. Zipo jioni tulizochoka, zipo ambazo mchumba wa mdogo alikuwa kwenye simu na Bibi anahadithia mara ya kumi ndoa ya mpwa wake. Kumfuata mtu wa miaka 78 kwa mwendo wake ni kazi ya subira kuliko kukimbia. Bibi Aisha, radhiyallahu anha, alimuuliza Mtume ampe zawadi nani kati ya majirani wawili alionao, akajibiwa yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Kwetu sisi mlango huo uko ngazi kumi na nne chini. Tumezihesabu, maana tumemshika mkono mtu kuzipanda.

Shoga yetu unayeolewa mwaka huu, kwenye masanduku yako ya vyombo na mashuka, tia na sahani moja ya kupelekea chini. Usingoje Ramadhani. Peleka wiki ya kwanza fungate likiisha, na ukiwa pale kaa kidogo, uliza jina la mgonjwa.

Mwezi uliopita Bibi alisafiri. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, na mwanawe alitaka akafanyiwe huko Muscat, akae nao mpaka apone. Alikwenda kwa furaha, na kanga tatu mpya na kikuba alichokifunga mwenyewe. Jicho la kulia limeshafanywa, la kushoto bado. Anatutumia sauti kwenye simu, ndefu, zenye kelele za wajukuu. Jioni joto likivunjika, mwanawe anamchukua kutembea Matrah, kwenye ukuta wa bahari, yeye mwenyewe amemshika mkono. Bibi anasema bahari ya huko ni nzuri na njia ni safi, ila hapana mtu wa kumuuliza bei.

Harusi ni Mfunguo Mosi, insha'Allah, na tiketi yake ya kurudi ni ya Shaaban. Ametuachia ufunguo. Kila Alkhamisi tunafungua madirisha, tunafukiza udi kidogo, tunawasha taa ya kizingiti kuona kama chaji ipo. Juzi alituma sauti fupi kuliko zote, sekunde sita: "Mdogo asipakwe hina na mtu. Aningoje mimi."